Degedege: Mama, Mganga na Zahanati Wajifunze Pamoja

Hakuna mzazi wa Mbagala, Tandika, Tandale au Bunju asiyelijua neno degedege. Mtoto mwenye homa kali anageuza macho, mwili unakakamaa, mikono na miguu inatupwatupwa, mate yanamtoka. Mara nyumba inajaa majirani, na kila mmoja ana neno lake. Huyu anasema, "Mkimbizeni hospitali!" Yule anapaza sauti, "Asichomwe sindano, akichomwa atakufa! Mpelekeni kwa mganga kwanza!" Katika dakika hizo chache mama anatakiwa kuchagua, na uchaguzi wake unaweza kumwokoa mtoto au kumpoteza.

Mwezi huu tutazame jambo hili bila kumcheka mtu na bila kumtukana mganga. Tujiulize: mtu mzima mwenye imani yake na uzoefu wake hufundishwaje jambo jipya la afya akalikubali?

NDEGE WA USIKU

Miongoni mwa Wazaramo na majirani zao wa Pwani, wazee wengi wamesimulia kwamba degedege huletwa na shetani mwenye umbo la ndege. Huruka usiku, na kivuli chake kikimpitia mtoto, mtoto huanza kustuka na kukakamaa. Jina lenyewe la ugonjwa linamkumbusha mtu ndege. Basi kama ugonjwa ni wa shetani, dawa yake haiko zahanati. Mtoto hufukizwa kwa moshi wa mavi ya tembo, huogeshwa maji ya majani yaliyopondwa, na wapo wanaomkojolea ili azinduke.

Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo, na kutoa taarifa yao mwaka 1996, walikuta kwamba wazazi walitenganisha magonjwa mawili. Homa ya kawaida waliiona ni ya hospitali, lakini degedege waliiona ni ya mganga. Uchunguzi mwingine ulifanyika Mbande, pembezoni mwa Temeke, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Huko akina mama waliopatwa na msiba hawakuwa wavivu wala wakatili. Walidhani ni homa ya kawaida tu. Kumbe hali ilikuwa ikibadilika saa kwa saa.

IMANI HII ILIOTAJE MIZIZI?

Tusikimbilie kusema ni ujinga. Imani hii ina ushahidi wake machoni pa watu, na asiyeuelewa ushahidi huo hataweza kuwafundisha.

Kwanza, degedege nyingi zinazoletwa na homa peke yake kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano hukoma zenyewe baada ya dakika chache. Moshi ukifukizwa wakati huo huo, mtoto huzinduka, na sifa anapewa moshi. Jirani aliyeona kwa macho yake atawasimulia wengine kumi.

Pili, mtoto ambaye hakuzinduka huzungushwa kwa siku moja au mbili, kisha hufikishwa hospitali akiwa hoi. Anachomwa sindano, na baada ya saa moja anafariki. Watu wameona sindano, kisha wakaona kifo. Hawakuona saa zilizopotea. Hivyo ndivyo sindano ilivyobebeshwa lawama, na mtoto wa pili akacheleweshwa zaidi kwa sababu ya kifo cha kwanza.

HOSPITALI INASEMAJE?

Degedege ni dalili, na nyuma ya dalili hiyo kuna visababishi vingi. Huenda ni homa ya kawaida iliyopanda ghafla. Huenda ni malaria kali, ile ambayo watu husema "imepanda kichwani". Huenda ni homa ya uti wa mgongo, upungufu wa sukari mwilini, au kifafa. Kwa kutazama tu, mama hawezi kutofautisha, mganga hawezi, na hata daktari hawezi bila kumpima mtoto. Hii ndiyo sababu kubwa ya kwenda mapema.

Kituoni mtoto hupewa dawa ya kutuliza degedege, hupimwa sukari, na hutobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria. Akiwa na malaria kali huchomwa sindano ya artesunate. Akishaweza kumeza, humalizia vidonge vya dawa mseto.

Hapa kuna jambo la kuwafurahisha waganga wetu. Artesunate na dawa mseto zina asili katika tiba ya jadi ya Wachina. Mtafiti Tu Youyou alisoma vitabu vya kale vya tiba ya kwao, akafuata maelezo ya mmea uitwao Artemisia annua, na katika miaka ya 1970 yeye na wenzake wakapata kiini chake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwinini nayo ilitokana na magamba ya mti wa Amerika ya Kusini. Kwa hiyo sindano inayoogopwa imetokana na dawa ya asili iliyochunguzwa, ikatengenezwa upya na kuwekewa kipimo. Lakini hiyo siyo ruhusa ya kuchemsha majani nyumbani na kumnywesha mtoto mgonjwa. Nguvu ya majani hayo haijulikani, na muda unapotea.

SOMO LA MWAKA 1973

Tanzania ina historia nzuri ya kuwafundisha watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, pamoja na Wizara ya Afya na Radio Tanzania, iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12 watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha kikakubaliana kazi ya kufanya. Wengine walichimba vyoo, wengine walifukia madimbwi na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Watu walifanya hayo kwa sababu wao wenyewe walikuwa wamejadiliana na kukata shauri.

Miaka michache kabla ya hapo, huko Bunju, mtafiti kutoka Ufini, Marja-Liisa Swantz, alikuwa ameishi na wanakijiji akijifunza mila za Wazaramo. Alikuwa mmoja wa waliotetea utafiti wa kushirikiana na wananchi badala ya kuwachunguza kutoka mbali. Mwalimu wa afya anayekwenda Bunju leo anafaa kulishika somo hilo: aulize kwanza, asikilize, ndipo afundishe. Mtu mzima si debe tupu la kujazwa maji.

MGANGA NAYE AKAE DARASANI

Baadhi ya watu husema dawa ya tatizo hili ni kuwafukuza waganga. Hilo halitasaidia, maana mganga aliyefukuzwa barazani atafanya kazi gizani. Mganga anajulikana mtaani, lugha yake inaeleweka, na mlango wake hufunguliwa hata usiku wa manane. Azimio la Alma Ata la mwaka 1978 lilikubali kwamba waganga wa jadi, pale wanapohitajika na wakipewa mafunzo yanayofaa, wanaweza kushirikiana na watumishi wa afya. Hapa nchini Muhimbili ilianzishiwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na mwaka 2002 ikapitishwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mkoani Tanga, tangu miaka ya 1990, waganga na hospitali walishirikiana kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI.

Ushirikiano wa namna hiyo unafaa pia kwa degedege. Mganga aombwe jambo moja tu: mtoto wa degedege akiletwa kwake, amwambie mzazi, "Hospitali kwanza, na iwe sasa hivi." Neno hilo likitoka kinywani mwa mganga lina uzito kuliko mabango mia. Mzazi akitaka baadaye kurudi kwa mambo ya mila yasiyomdhuru mtoto, uhai utakuwa umekwisha kuokolewa.

Watumishi wa zahanati nao wana wajibu. Mama anayefika na mtoto mwenye hirizi shingoni asikaripiwe mbele za watu. Mama aliyeaibishwa leo atachelewa kesho, au hatakuja kabisa.

FANYA HIVI

Mtoto akishikwa na degedege:

1. Mlaze ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumwumiza. Legeza nguo zake.
2. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Anaweza kupaliwa.
3. Usimfukize moshi. Anahitaji hewa safi.
4. Usimkandamize kwa nguvu. Tazama saa ujue degedege imechukua muda gani.
5. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama amezinduka.

Usingoje degedege. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea na kuwa mgumu kuamka, akihema kwa shida au shingo ikikakamaa, hiyo ni hatari; nendeni hata kama ni usiku. Dawa ya dukani isiwe sababu ya kungoja. Kumbukeni pia kwamba sera ya afya imeelekeza kwa miaka mingi kuwa watoto wa chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Na kila usiku mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, kwa maana kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILIANA

Katika jumuiya, kwenye kikoba, barazani au kwenye mkutano wa mtaa, mjadiliane haya. Mwalikeni mganga wa mtaa na muuguzi wa zahanati wakae benchi moja.

1. Mtaani kwetu mtoto akishikwa na degedege usiku, nani ana chombo cha usafiri, na nauli itatoka wapi?
2. Ikiwa baba hayupo, mama ana ruhusa ya kuondoka na mtoto bila kumngoja?
3. Tumewahi kusikia kwamba sindano imeua mtoto? Mtoto huyo alikuwa ameugua kwa saa ngapi kabla ya kufikishwa hospitali?

Swali hilo la tatu lijibiwe taratibu, kwa heshima ya waliofiwa. Mkihesabu saa hizo pamoja, mtakuwa mmejifunza jambo ambalo hakuna mgeni angeweza kuwafundisha.