Je, Wajua? Ugenini Msumbufu, Kwao Anatoweka

Je, wajua kwamba sungura, anayewasumbua Waaustralia kwa zaidi ya karne moja, kwao yuko hatarini kutoweka? Kwao ni Hispania na Ureno. Mwaka 1859 tajiri Thomas Austin aliagiza sungura 24 kutoka Uingereza, akawaachia kwenye shamba lake jimboni Victoria ili apate wa kuwinda. Wakazaana, wakamaliza malisho ya kondoo na kutafuna miche ya miti. Kufikia 1907 Australia Magharibi ilikuwa imejenga uzio wa zaidi ya kilomita 1,800, na bado walipita. Mwaka 1950 wakaachiwa virusi vya miksomatosisi, vinavyoenezwa na mbu: kope za sungura huvimba mpaka macho yakafumba, na wengi hufa. Walikufa kwa mamilioni.

Miaka miwili baadaye daktari Paul-Félix Armand-Delille, aliyechoshwa na sungura wa shambani kwake huko Ufaransa, aliwachanja wawili virusi hivyohivyo. Muda si mrefu ugonjwa ukavuka mpaka na kuingia Hispania, kwenye asili yenyewe ya sungura. Miaka ya 1980 ukaja mwingine, wa kuvuja damu. Linksi wa Iberia, paka mwitu ambaye sungura ndio chakula chake kikuu, akakosa mlo. Kufikia 2002 walikuwa hawafiki 100. Wameanza kuongezeka kwa jasho la wahifadhi, na sehemu ya kazi hiyo ni kuwarudisha sungura porini.

Je, wajua kwamba shomoro wa Java, mwenye kichwa cheusi, mashavu meupe na mdomo mnene mwekundu, amenaswa mno kwao Indonesia kwa sababu ya uzuri wake? Kule ni adimu. Huko Hawaii anadonoa mbegu kwenye bustani za mjini, na hapa kwetu yuko Pemba, alikoletwa na watu. Chakula akipendacho ni mpunga.

Ng'ombe mwitu aitwaye banteng naye anapungua kwa kasi Asia, lakini kaskazini mwa Australia wako maelfu, uzao wa kundi dogo lililoachwa na kambi ya Waingereza mwaka 1849.

Na samaki aitwaye ngege? Aliwalisha watu wa Ziwa Victoria kabla ya sangara na sato kuingizwa miaka ya 1950. Leo ziwani karibu hayupo tena. Lakini alipandikizwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, bonde la Pangani, akastawi hadi kuwa tegemeo la wavuvi. Huko ni mgeni, na perege wa asili wa bonde hilo nao wako hatarini. Kwa maoni yangu, asihukumiwe kama mvamizi wa kawaida. Vifaranga wake watunzwe kwanza mahali salama, kisha ndipo tujadili namna ya kuwalinda wenyeji wa Pangani.