Mlango wa Kwanza ni wa Naibu Chifu

Mzee akifariki nyumbani kwake kule Litein au Mogogosiek, chai haingoji matanga yaishe. Siku chache tu, majani yamechipua tena; lazima yachunwe, yapelekwe kituoni, yapimwe na yaandikwe. Lakini nambari ya mkulima inayoandikwa pale ni ya marehemu, na hatimiliki ya shamba ina jina lake. Hapo ndipo familia nyingi za Kericho na Bomet huanza kuihitaji ofisi ya kamishna wa kaunti, na nyingi huanzia pasipofaa. Hupanda matatu hadi mjini, hupiga foleni kumwona kamishna mwenyewe, kisha huambiwa warudi walikotoka.

Kuambiwa hivyo si kukataliwa, kwa kuwa ofisi hii huhudumia raia kuanzia chini. Chini ya Sheria ya Uratibu wa Serikali ya Kitaifa ya mwaka 2013, kamishna husimamia kaunti, naibu kamishna kaunti ndogo, kamishna msaidizi wadi au tarafa, chifu lokesheni, na naibu chifu lokesheni ndogo. Wazee bado husema DC na DO, majina ya zamani ya vyeo hivi, na wote huelewana. Chini yao wote yuko mzee wa kijiji, mtu wa kokwet, yaani baraza la kijiji, anayejua nani alizaliwa wapi na mpaka wa nani unapita mti gani. Gavana hayumo katika mstari huu. Yeye huchaguliwa na wananchi na hushughulikia zahanati, chekechea, barabara za kaunti na kilimo. Kamishna huteuliwa na ni mkono wa serikali ya kitaifa.

Tuifuate familia hiyo ya chai. Mtu akifia hospitalini, hospitali huandikisha kifo. Akifia nyumbani, naibu chifu ndiye huandikisha, na ndiye hutoa kibali cha mazishi. Karatasi hiyo ndogo ndiyo baadaye huzaa cheti cha kifo. Wapo wanaozika bila kibali kwa haraka ya msiba, na miaka mitano baadaye wanahangaika kuthibitisha kifo ambacho kijiji kizima kilikililia. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto aliyezaliwa nyumbani: naibu chifu aarifiwe kabla ya miezi sita kupita, la sivyo uandikishaji unahesabika kuwa umechelewa na safari inarefuka.

Cheti cha kifo kikipatikana, inafuata barua ya chifu ya kwenda mahakamani, yenye majina ya warithi. Naomba msomaji atulie hapa, maana hapa ndipo dhuluma nyingi huanzia. Barua hiyo inatakiwa kutaja wajane wote na watoto wote, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimtoi binti kwa sababu ameolewa Sotik au Londiani. Chifu anayeacha jina la binti ili kuwaridhisha kaka zake anaipa mahakama habari ya uongo, hata akiita hivyo kulinda mila. Tena chifu hana mamlaka ya kugawa shamba. Anaweza kupatanisha, anaweza kuita kikao chini ya mti, lakini mgawanyo unaotambuliwa na sheria ni ule uliothibitishwa na mahakama. Na hakuna sheria inayomruhusu kutoza pesa kwa barua hiyo, iwe ni ya kalamu, ya karatasi au ya chai.

Baada ya mahakama, njia inarudi kwa naibu kamishna, kwa sababu yeye au afisa anayemwakilisha ndiye mwenyekiti wa bodi ya ardhi. Sheria ya Kudhibiti Ardhi ni ya mwaka 1967, na katika nchi ya chai ingali na meno. Shamba la marehemu likipita zima kwa mrithi, kibali cha bodi hakihitajiki. Likikatwa vipande viwili au zaidi, kinahitajika. Likiuzwa, likikodishwa au likiwekwa rehani, kinahitajika pia, na ombi lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu siku ya makubaliano.

Wengi hulipuuza hili. Watu huandikiana mkataba katika kibanda cha sokoni, mzee wa kijiji akatia sahihi, pesa zikahesabiwa, mnunuzi akaanza kuchuna. Miezi sita ikipita bila ombi, na bila mahakama kuongeza muda, mauzo hayo ni batili. Kilichobaki kwa mnunuzi ni kudai pesa zake kama deni kutoka kwa mtu ambaye pengine amekwisha kuzitumia. Zipo kesi ambazo mahakama zimemwokoa mnunuzi aliyekuwa amekaa shambani muda mrefu, ila kesi ya namna hiyo hula miaka na hula shamba lenyewe kwa gharama za mawakili. Bodi, kwa upande wake, hutaka kumwona mke na mara nyingi watoto wakubwa, ili shamba lisiuzwe wenye nyumba hawajui. Nionavyo mimi, hakuna kikao cha serikali kinachomlinda mama wa Bureti au Konoin kuliko hiki, akiitwa na akaulizwa kweli.

Kamishna mwenyewe huongoza kamati ya usalama ya kaunti, kazi ambayo raia huiona mambo yanapoharibika, kama Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilipochomwa Kericho. Siku za kawaida, kwa mwananchi, yeye ni wa rufaa: ukizungushwa chini, unapanda kwa naibu kamishna, kisha kwake. Panda na maandishi. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapoathiri haki yako, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inazitaka ofisi za umma kujibu ombi la habari ndani ya siku 21. Weka nakala ya barua yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe.

Bonasi kuu ya chai hutolewa mara moja kwa mwaka. Ikiwa hatimiliki ya shamba lenu bado ina jina la babu aliyezikwa zamani, msingoje bonasi nyingine iwagombanishe. Wiki hii, tafuteni cheti chake cha kifo, na mkienda kwa chifu nendeni na dada zenu.