Jinsi ya Kujua Umri wa Santuri ya Kongo

Santuri nyingi za Kongo za miaka ya 1960 hazikuandikwa mwaka. Familia za Maniema zilizo Brussels, Nairobi au Marekani zikikuta sahani hizo katika sanduku la marehemu babu, huziona takataka. Lakini sahani yenyewe inaeleza ilikotoka, mradi ujue pa kutazama.

Anza kwa kuishika. Ikiwa nzito, na imeandikwa 78 (mizunguko kwa dakika), ni ya zamani zaidi. Zilitawala miaka ya 1950, na zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo. Ya 45 ni ndogo na nyepesi, na ndiyo iliyoenea miaka ya 1960.

Kisha soma lebo. Ngoma ilianzishwa Léopoldville mwaka 1948, Loningisa mwaka 1950, Esengo mwaka 1957. Wamiliki wake walikuwa wafanyabiashara Wagiriki. Mwaka 1960 mwanamuziki Joseph Kabasele alianzisha lebo ya Surboum African Jazz; mwanamuziki mwenzake Franco akafuata na Éditions Populaires mwaka 1968, naye Verckys akaanzisha Vévé mwaka 1969. Kwa hiyo lebo peke yake inakuonyesha kipindi.

Majina yanasaidia zaidi. Léopoldville iliitwa Kinshasa kuanzia 1966, mwaka uleule Stanleyville ilipoitwa Kisangani na Albertville Kalemie. Nchi iliitwa Zaïre kuanzia Oktoba 1971, na mwaka 1972 watu wakaacha majina ya Kizungu: kati ya wanamuziki, Rochereau akawa Tabu Ley, Docteur Nico akawa Kassanda. Basi "Congo Belge" ni kabla ya 30 Juni 1960, na "Zaïre" ni ya kuanzia Oktoba 1971.

Ila uwe mwangalifu. Sonodisc ya Ufaransa ilitoa upya nyimbo nyingi za zamani. Lebo mpya inaonyesha sahani ilichapwa lini, haionyeshi wimbo ulirekodiwa lini. Linganisha namba ya katalogi na ile iliyochorwa karibu na lebo, kisha tafuta jina la mtunzi chini ya jina la wimbo.

Kindu, mji mkuu wa Maniema, ina nafasi yake hapa. Reli kutoka Katanga huishia kwetu, na mashua za Lualaba hutoka kwetu kwenda Ubundu, njia ya Kisangani. Rumba ya Kilingala ilitoka upande wa Kisangani. Upande wa pili kulikuwa na gitaa la Kiswahili la Katanga, kama la Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952. Vita vya mwaka 1964, waasi wa Simba walipoishika Kindu, viliwatawanya watu na mali zao. Ndiyo maana kila sahani iliyopona ina thamani.

Kuokoa muziki kunawezekana: Marekani, mpiga gitaa Lenny Kaye alikusanya nyimbo za bendi za rock za vijana waliokuwa wamesahauliwa, akazitoa mwaka 1972 katika albamu ya Nuggets. Bendi hizo zinajulikana leo kwa sababu mtu alijali. Rumba yetu iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, lakini heshima hiyo haiwezi kuokoa sahani iliyo chini ya kitanda chako.

Ndugu zangu, piga picha lebo za pande zote mbili za sahani kabla ya kuuza au kutupa. Kisha mpigie simu mzee wa nyumbani, umuulize nani aliinunua na wapi, uandike jibu lake leo.