Usuhuba wa Njiani: Jamaa Watano na Mbio za Kilomita 21

Katika miji yetu ya pwani, mtu mzima mwenye mke na watoto akionekana anakimbia barabarani, watu huulizana: je, anamfukuza mtu, au yeye ndiye anayefukuzwa? Kukimbia twakujua kuwa ni kazi ya watoto wa shule na askari, ama ni kazi ya wale mabingwa ambao khabari zao twazisoma magazetini. Lakini katika miaka hii imeenea desturi nyingine. Watu wa kazi za kawaida, walimu, mafundi, makarani na wenye maduka, hukusanyika wakajizoeza kwa miezi kadhaa, kisha wakaenda katika mbio ndefu, si kwa kutaka fedha wala jina, bali kwa kutaka kufika mwisho tu. Mbio wanazozipenda zaidi ni zile za nusu ya marathoni. Mimi ni mmoja wa watu hao, na nataka kuwaeleza wasomaji yale niliyoyaona pamoja na wenzangu wanne, kwa kuwa ndani yake mna mambo yanayofaa kujulikana katika kila nyumba, hata na yule asiyekusudia kukimbia hatua moja.

Kwanza yafaa tujue mbio hizi ni kitu gani. Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195, kipimo kilichotumiwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na kikafanywa kanuni mwaka 1921. Nusu yake, basi, ni kilomita 21 na takriban mita 97, yaani maili 13 na kitu. Bingwa humaliza njia hiyo kwa muda wa saa moja hivi, na mtu wa kawaida humaliza kwa saa mbili, au mbili na nusu, au hata tatu. Wala sisi Watanzania si wageni katika mbio hizo. Mwaka 2005, katika mji wa Edmonton huko Kanada, Fabiano Joseph wa Tanzania alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni, baada ya kuwa wa pili mwaka 2003, na wa pili tena mwaka 2004. Angalieni subira ya mtu huyo.

Ama kundi letu, asili yake haikuwa mashindano, bali maradhi. Mwaka 2022, jirani yetu mmoja hapa Tanga, fundi wa cherehani katika mtaa wa Ngamiani, mtu wa miaka 54, aliambiwa na daktari wake kwamba kisukari chake hakitatulia kwa dawa peke yake, illa na mwili wenyewe ufanye kazi. Aliagizwa atembee kila siku. Fundi huyu hakuwa mvivu, lakini alikuwa na khofu: kwamba sukari ikimshuka akaanguka peke yake katika giza la alfajiri, nani atakayemwona? Khofu hiyo ilikuwa na haki yake. Basi tukakubaliana, mwalimu mmoja wa shule, karani mmoja, kijana wa chuo wa miaka 21, na mimi, kwamba tukitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri tutamsindikiza Fundi mpaka Raskazone na kurudi. Miezi mitatu tulitembea. Mwezi wa nne, Fundi mwenyewe ndiye aliyesema, "Jamani, hebu tuchapuke kidogo."

Hapo ndipo tulipoweka sharti letu, nalo ndilo moyo wa khabari yote hii: katika mazoezi ya pamoja, mwendo ni wa yule aliye nyuma. Kijana wetu halikumpendeza sharti hilo, kwa kuwa yeye aweza kwenda na kurudi mara mbili nasi hatujafika. Siku moja akasema kwa adabu, "Mjomba Fundi, nikienda mwendo huu kila siku, siku ya mbio sitakuwa na kasi." Fundi akamjibu, "Mwanangu, katikati ya wiki nenda kama upepo, sikukatazi. Lakini Jumapili niachie mimi." Kijana akakubali, na ikawa hivyo.

Baadaye tulikuja kufahamu kwamba mwendo huo wa pole ulimfaa hata kijana mwenyewe. Wajuzi wa mbio husema kwamba sehemu kubwa ya mazoezi, hata ya mabingwa, hufanywa kwa mwendo mwepesi ambao mtu aweza kuzungumza na mwenziwe bila ya kukatikiwa na pumzi. Sababu yake ni hii: moyo na mapafu huzoea kazi mpya kwa upesi, lakini mishipa migumu inayoshika misuli kwenye mifupa, na mifupa yenyewe, huzoea polepole. Mtu asikiapo kuwa pumzi yake sasa ni nzuri, hujiona amekwisha kuwa tayari, akaongeza njia na kasi kwa pamoja, hali ya kuwa goti na kisigino bado havijaimarika. Ndiyo maana wengi huanza kwa vishindo, na baada ya wiki sita wamo ndani wanakandwa miguu kwa maji ya moto. Kuzungumza njiani ni kipimo kisichohitaji chombo chochote. Ukiona huwezi kumaliza sentensi, punguza.

Sisi tulianza na kilomita 5 kila Jumapili, tukaongeza kilomita 1 kila wiki, na kila wiki ya nne tukapunguza ili mwili upumzike. Hatimaye tukaweza kwenda mpaka mapango ya Amboni, kaskazini ya mji, kilomita kama 8, na kurudi. Aliyeweza kilomita 16 katika joto la Tanga, kwa mwendo wa mazungumzo, hana haja ya kuogopa 21. Wiki mbili za mwisho kabla ya mbio tulipunguza mazoezi, kwani nguvu hupatikana katika kupumzika baada ya kazi, si katika kazi peke yake. Na mwezi wa Ramadhani hatukimbii njia ndefu. Twatembea tu kabla ya kufuturu, kila mtu kwa kadiri yake.

Mbio tulizozichagua ni zile za Kilimanjaro, zinazofanywa Moshi tangu mwaka 2003. Tulikwenda kwa basi, tukapita Korogwe, Mombo na Same, tukafika jioni na mlima umejifunika mawingu. Mbio za nusu huanza asubuhi. Njia hutoka mjini, kisha hushika Barabara ya Mweka na kuanza kupanda, na migomba na kahawa huku na huku, na wenyeji wamesimama mbele ya nyumba zao wanawapigia wakimbiaji makofi. Takriban nusu ya kwanza ni kupanda, na nusu ya pili ni kushuka.

Mtu asiyeijua njia hiyo hufikiri kwamba taabu iko katika kupanda. Lakini wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Katika kuteremka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia mwili usiporomoke, nayo huvutika huku imekaza. Kazi hiyo huiumiza zaidi kuliko kupanda, na maumivu yake hayaji siku ile ile, bali kesho yake na kesho kutwa. Mwaka 2023 tulipokimbia mara ya kwanza, sisi wanne bila ya Fundi, ambaye daktari alikuwa bado hajampa ruhusa, mimi nilimaliza kwa saa mbili na dakika 31, na siku ya pili yake niliteremka ngazi za nyumba kinyumenyume, watoto wakanicheka.

Mwaka 2024 daktari alimruhusu Fundi, kwa masharti: asiwe peke yake, achukue kipimo chake cha sukari, na awe na kitu kitamu mfukoni. Tulikubaliana kwamba siku ya mbio kila mtu ana ruhusa ya kwenda kwa mwendo wake, illa mimi nitakuwa na Fundi. Kijana wetu alikuwa amejizoeza mwaka mzima, na tamaa yake ilikuwa kumaliza kabla ya saa moja na dakika 40.

Tulipokaribia kilomita ya 9, tungali tunapanda, niliona maneno ya Fundi yanapungua. Kisha mikono ikaanza kumtetemeka, na jasho lake likawa baridi. Nikamkalisha kando ya barabara, tukapima: sukari ilikuwa chini ya 4, nayo ni khatari. Akala tende, akanywa maji ya sukari, tukangoja. Kanuni ni kungoja robo saa, kisha kupima tena, wala mtu asisimame kwa pupa. Wakati tumekaa hapo, yule kijana akatokea juu, anateremka kwa kasi nzuri, uso wake unang'aa. Alipotuona akasimama.

Nikamwambia, "Nenda, mimi nipo." Akatazama saa yake, akamtazama Fundi, akasema, "Mjomba, nenda wewe. Mimi mwaka jana nilimaliza, na miguu yangu ingali na miaka mingi." Mimi nikasita, lakini Fundi, ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha kurudi, akasema, "Nendeni mmoja. Asipofika hata mmoja wenu, nyumbani nitawaeleza nini?" Kipimo cha pili kikaonyesha kwamba sukari imepanda. Nikaenda. Kijana akakaa naye mpaka gari ya huduma ya kwanza ikapita na kuwachukua. Katika daftari la mbio za mwaka huo, wote wawili hawamo.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi. Kijana yule hakuna aliyemlazimisha. Mapatano yetu yalimpa ruhusa ya kupita, na mimi nilikuwa pale. Lakini Jumapili zote zile alizokwenda kwa mwendo wa mtu mwingine zilikuwa zimemfundisha kumtazama mwenziwe kabla ya kutazama saa, na siku ya haja ilipofika hakuhitaji kufikiri sana. Twawaambia vijana wetu wawaheshimu wakubwa na wawahurumie wagonjwa, na maneno hayo ni mazuri, lakini maneno peke yake ni mepesi. Kuhurumia ni kazi, na kama kazi yoyote hutaka mazoezi ya kila wiki.

Daktari alipopewa khabari, alibadilisha wakati wa dawa ya Fundi katika siku za mbio na chakula chake cha alfajiri, kwani ziko dawa za kisukari ambazo zikikutana na kazi nyingi ya mwili huishusha sukari kupita kiasi. Hilo ni jambo la kila mgonjwa na daktari wake, wala mtu asiige dawa ya jirani. Februari 2025 tulirudi Moshi sote watano. Fundi alikimbia dakika nne na kutembea moja, tangu mwanzo mpaka mwisho, akapima mara tatu njiani, akamaliza kwa saa tatu na dakika 4. Kijana mwaka huo alikwenda mbio zake mwenyewe, saa moja na dakika 39.

Labda atatokea wa kuuliza: na wanawake je? Jawabu ni kwamba mwili wa mwanamke nao ni amana, na kisukari na shinikizo la damu havichagui. Bwana Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha, khabari iliyopokewa na kujulikana na wanazuoni. Na katika zama zetu, Agosti 2024, dunia nzima ilimwona Sifan Hassan, mwanamke wa Kiislamu mzaliwa wa Ethiopia anayeikimbilia Uholanzi, akishinda marathoni ya Olimpiki ya Paris, na akapanda kupokea nishani ya dhahabu hali amevaa hijabu. Hapa kwetu mke wa Mwalimu na wenziwe saba wana kundi lao la kutembea, kwa mavazi yao ya stara, na hawajakosa asubuhi nyingi kuliko sisi.

Kwa anayetaka kuanza, nasaha zetu ni chache. Mwenye miaka mingi au maradhi amwone daktari kwanza. Tembea kabla ya kukimbia. Nunua raba zinazokutosha vizuri, kwani fedha ya raba ni ndogo kuliko fedha ya kutibu goti. Kunywa maji unapoona kiu, wala usijijaze kupita kiasi, kwa kuwa maji mengi mno hupunguza chumvi katika damu na hilo nalo ni khatari. Zaidi ya yote, usiende peke yako. Tazama katika mtaa wako: yuko nani ambaye daktari amemwambia atembee, naye anaogopa? Mgongee mlango baada ya sala ya alfajiri, na mwendo uwe wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na atupe wenza wema wa njiani.