Mtoto anapiga gitaa, mama anaimba: mbona sauti haisikiki?

Sebuleni, mama anaimba na mwanawe wa miaka 15 anampigia gitaa. Ubeti wa kwanza haujaisha, mama anakaza koo ili asikike. Kijana naye anaongeza nguvu. Wimbo unaishia njiani, kila mmoja akimlaumu mwenzake.

Hayo huwakuta vijana wengi waliozoea kupiga peke yao wanapoanza kumsindikiza mwimbaji. Katika jazi, muziki ulioanzishwa na Wamarekani weusi, kusindikiza ni ujuzi unaojitegemea. Kwa wazazi waliozoea majina kama Morogoro Jazz na Nuta Jazz, bendi hizo zilipiga muziki wa dansi. Hapa tunazungumzia jazi ya Marekani.

Anza na sauti, si gitaa

Kosa la kwanza ni kuchagua ufunguo wa wimbo kwa sababu ni rahisi kwa vidole. Anayepaswa kuamua ni mwimbaji. Aimbe bila gitaa ile sehemu ya juu kabisa ya wimbo. Akilazimika kukaza shingo au kupiga kelele, wimbo ushushwe.

Kulazimisha sauti mara kwa mara huumiza koo. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali ukachunguzwe.

Noti tatu zinatosha

Wanaoanza hupenda kukwaruza nyuzi zote sita. Katika jazi, noti tatu zinaweza kubeba kodi nzima, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja.

Mfano ni mfuatano wa Dm7, G7 na Cmaj7, unaopatikana katika nyimbo nyingi za jazi. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba, na freti ni vile vichuma vya kwenye shingo ya gitaa.

Dm7: uzi wa 5 freti ya 5, uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 5.

G7: uzi wa 6 freti ya 3, uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 4.

Cmaj7: uzi wa 5 freti ya 3, uzi wa 4 freti ya 2, uzi wa 3 freti ya 4.

Nyuzi nyingine zisilie. Tazama uzi wa 3 na wa 4: kila kodi inapobadilika, ni mmoja tu kati yake unaosogea, tena kwa freti moja. Ndiyo maana sikio husikia mtiririko na mwimbaji hapotezwi.

Wakubwa walifanyaje?

Freddie Green alipiga gitaa katika bendi ya Count Basie kuanzia 1937 hadi alipofariki 1987, na sifa yake ilikuwa kodi za noti chache zilizoshika mwendo. Mwaka 1973, Ella Fitzgerald na Joe Pass walirekodi albamu ya Take Love Easy kwa sauti na gitaa tu. Msikilizeni Pass pamoja: Ella anapoimba, hapigi mengi, anapopumua, ndipo gitaa linajibu.

Linda vidole

Ncha za vidole kuuma wiki za mwanzo ni kawaida. Ganzi, au maumivu ya kifundo cha mkono yasiyoisha baada ya kupumzika, si kawaida: aache kupiga na aonwe na daktari. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi.

Jaribuni leo

Wekeni simu hatua tatu kutoka mlipo, mrekodi ubeti mmoja, kisha msikilize wote. Maneno ya wimbo yasiposikika, gitaa lipunguzwe, si mama aongeze sauti. Na mzazi asiseme tu "punguza kelele". Amwonyeshe mtoto ni neno gani lilimezwa. Kijana akilijua neno hilo, safari ijayo ataliachia nafasi.