Krismasi mwezi wa tisa? Jamani, mnamtesa Mjomba!

Leo sina umbea wa wanamuziki wala siri za mapenzi. Leo nina malalamiko, na pia nina kosa la kuungama, maana mwenyewe nimo.

Wanaonifahamu wanajua safu hii siku hizi naiandika nikiwa majuu, mji wa Reading, magharibi ya London, ninakoishi kwa mjomba wangu. Usidhani naponda raha. Napiga kibarua cha usiku katika duka moja kubwa, jina naliweka kapuni. Kazi yenyewe ni kufungua maboksi na kupanga mali kwenye shelfu hadi alfajiri.

Sasa sikia vituko. Wiki ya pili ya Septemba, watu bado wanatembea na kaptula, bosi anatuita anasema usiku huu ndoo za kuchezea mchanga na miamvuli ya pwani vyote nje, Krismasi inaingia. Nikadhani sikusikia vizuri. Nikauliza, "Ya Desemba hii?" Akanitazama kama mtu aliyetoka mwezini. Kulipokucha nilikuwa nimepanda ngazi namning'iniza Baba Krismasi wa plastiki, jasho linanitoka.

Na wenzetu hapa hawashangai! Pale London maduka ya kitajiri kama Selfridges na Harrods yamezoea kufungua sehemu zao za Krismasi tangu Agosti. Ujerumani nako keki za viungo za Krismasi, Lebkuchen, zinaonekana madukani Septemba inapoanza. Sisi tuliozoea kwamba Krismasi ni pilau, shati jipya na vurugu za nauli ya kwenda Moshi, yote ndani ya wiki moja, tunabaki mdomo wazi.

Ila ugonjwa huu si wa leo. Mwaka 1939 Rais Roosevelt wa Marekani aliisogeza nyuma kwa wiki moja sikukuu yao ya Shukrani, kutoka tarehe 30 Novemba hadi 23, kwa sababu wenye maduka walilia kwamba siku za kuuza kabla ya Krismasi zingekuwa chache. Baadhi ya majimbo yakafuata, mengine yakagoma, nchi moja ikala sikukuu moja mara mbili! Hadi mwaka 1941 Bunge lao likapitisha sheria kwamba iwe Alhamisi ya nne ya Novemba, kesi ikaisha. Kwa hiyo mfanyabiashara akitaka, hata kalenda inasogea.

Mimi ningecheka tu nikapokea mshiko wangu, isipokuwa kwa ajili ya Mjomba.

Mjomba alikuwa stesheni masta Reli ya Kati, miaka mingi akiwa Tabora. Alipostaafu yeye na mkewe walimfuata binti yao huku, ambaye ni nesi. Mkewe, tuliyemwita Anti, alifariki tarehe 19 Desemba, miaka miwili iliyopita. Wodini kulikuwa na mapambo ukutani na redio inapiga zile nyimbo za kengele. Tangu hapo Mjomba akizisikia dukani anaacha kikapu pale pale sakafuni anatoka. Hasemi kitu. Mwaka jana alijifungia ndani kuanzia Novemba. Mwaka huu ameanza Septemba. Hesabu mwenyewe: miezi mitatu na nusu mzee hanunui hata mkate, ananunuliwa na mimi, mtu yule yule niliyeyaning'iniza hayo mapambo. Noma!

Kinachomliwaza ni treni. Chumba cha nyuma ana meza kubwa yenye reli ndogo, stesheni, njia ya kupishania na vichwa viwili vya treni: kimoja cha kijani, kingine chekundu alichonunuliwa na Anti. Vya Hornby, vipimo vya OO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 76, na reli ina upana wa milimita 16.5. Usicheke. Watu wazima huku wanatumia fedha kinyama kwenye mambo haya.

Mwishoni mwa Septemba kontrola yake ya zamani ikazima, kimya. Kontrola ya zamani ni kitu rahisi. Inapeleka umeme relini kuanzia sifuri hadi volti 12. Ukizidisha treni inakimbia, ukigeuza umeme inarudi nyuma. Taabu yake ni kwamba umeme ni wa reli nzima, hivyo vichwa viwili vikiwa njia moja vinaondoka pamoja kama kumbikumbi. Ndiyo maana reli inakatwa vipande na kuwekewa swichi.

Nami, mpwa mwema, nikaona zali. Dukani kwetu kwenye shelfu za Krismasi kulikuwa na kontrola mpya ya dijitali, na wafanyakazi tuna punguzo. Hizi mpya habari nyingine kabisa. Relini kunakuwa na umeme wakati wote, volti kama 15, unaogeuka-geuka kwa kasi, na ndani ya kugeuka huko ndimo amri zinamopita. Kila kichwa kina kidude kiitwacho dikoda chenye nambari yake. Ukisema "namba tatu nenda", namba tatu peke yake anakwenda, wengine wametulia na taa zao zinawaka. Fundi Mjerumani Bernd Lenz ndiye ambaye mfumo wake ulifanywa msingi na chama cha Wamarekani wapenda treni ndogo, NMRA, na tangu miaka ya 1990 makampuni mengi yanafuata kanuni hiyo. Siku hizi nyingine zinaongozwa hata kwa simu.

Nikaibeba nyumbani asubuhi, Mjomba bado amelala. Nikaunganisha nyaya mbili, nikaweka kichwa chekundu relini, nikawasha. Hakikwenda. Kikaanza kulia ziii kama mbu. Nikabonyeza kila kitufe. Mara harufu ya kitu kinachoungua.

Mjomba akatokea mlangoni na kikoi chake. Hata shikamoo haikupata nafasi. Alivuta plagi ukutani, akakiokota kile kichwa, kikamchoma vidole, hakukiachia.

"Mwanangu, hiki kina dikoda?"

Sikuwa na jibu. Kumbe kichwa cha zamani kisicho na dikoda ukikiweka juu ya umeme wa dijitali, mota inatetemeka mbele-nyuma bila kuzunguka, inapata moto na mwisho inaungua. Mzee alikaa kwenye stuli kakishika mkononi. Ningepigwa kofi ningejisikia nafuu.

Baada ya muda akasema, "Kuna fundi mjini. Twende."

Twende! Katikati ya maduka, mapambo kila dirisha! Nikamwambia nitakipeleka mimi. Akanijibu kistesheni masta kabisa: "Wewe umeshafanya ya kutosha."

Tukaenda. Duka la fundi lenyewe lilikuwa na treni inazunguka dirishani kwenye theluji ya pamba. Ujue hili pia lina asili yake: Lionel, kampuni ya treni ndogo iliyoanzishwa New York mwaka 1900, inasimuliwa kuwa treni yake ya kwanza ilitengenezwa iwe pambo la dirisha la kuvutia wateja, wateja wakaacha bidhaa wakataka treni. Mjomba alisimama mbele ya lile dirisha. Ndani nyimbo zilikuwa zinapiga. Nikamshika mkono, akautoa taratibu, akaingia.

Fundi alikifungua kichwa, akanusa, akapima mota. Nzima! Akachomelea nyaya nne: nyekundu na nyeusi kwenda relini, ya chungwa na ya kijivu kwenda kwenye mota, akahakikisha mota haigusi chuma popote. Mjomba alisimama pale dakika 40, miwani puani, akiuliza maswali. Nyimbo zikapita tatu, nne. Mara moja tu aliinamisha kichwa akashika ukingo wa kaunta. Kisha akauliza nambari inabadilishwaje, maana kiwandani dikoda zote hutoka zikiwa namba tatu.

Tuliacha cha kijani kiwe tatu, nacho kikiwa kimetiwa dikoda. Chekundu akakipa 78, mwaka aliomwoa Anti.

Usiku ule nilikuwa sina zamu. Akaviweka vyote njia moja, vinatazamana. Nikapiga kelele vitagongana, na kweli kwa dijitali vinaweza, hakuna swichi ya kukuokoa. Mjomba akacheka, mara ya kwanza tangu Agosti. "Miaka 30 kazi yangu ilikuwa nini?" Cha kijani kikaingia njia ya kupishania, kikangoja. Akazungusha kitufe polepole.

"Sabini na nane, njia nyeupe."

Juzi bosi katuambia Krismasi ikiisha tu tunaingiza mayai ya chokoleti ya Pasaka. Nikamweleza Mjomba. Akafikiri kidogo.

"Hayo," akasema, "sina ugomvi nayo."