Wi-Fi Inayokatika kwa Saa Zake

Wi-Fi ikikatika, lawama huangukia ruta au kampuni inayotuuzia intaneti. Kabla hujapiga simu ya malalamiko, itazame simu yako ya mkononi. Ikiwa inatumia ruta ileile na ujumbe unaingia kama kawaida huku kompyuta peke yake imekwama, tatizo limo ndani ya kompyuta. Mshukiwa ambaye husahaulika mno ni ukuta moto.

Windows huja na ukuta moto uliowashwa tayari tangu Agosti 2004, Microsoft ilipotoa Service Pack 2 ya Windows XP, mwaka mmoja baada ya kirusi cha Blaster kusumbua kompyuta duniani kote. Utaratibu wake tangu kiwandani ni huu: kinachotoka kipite, kinachoingia bila kuitwa kizuiwe. Ni utaratibu mzuri, na simshauri mtu yeyote auzime moja kwa moja.

Kiini cha matatizo mengi ni anwani ya IP. Kwa kawaida ruta huiazima kompyuta anwani kwa muda maalumu. Tuseme muda huo ni saa 2. Ikipita saa 1, kompyuta huomba kuongezewa muda. Isipojibiwa, ikifika dakika ya 105 huuliza mtandao mzima. Mazungumzo hayo hupitia poti za UDP namba 67 na 68. Ukuta wa Windows wenyewe una kanuni inayoyaruhusu, ila programu nyingi za kuzuia virusi huleta ukuta wao, na ule uliowekwa ukali kupita kiasi huweza kuyatupa majibu ya ruta. Asubuhi kompyuta huenda ikapata anwani kabla programu hiyo haijaamka, kazi ikaendelea vizuri, kisha muda ukaisha na intaneti ikatoweka. Alama ya Wi-Fi hubaki imejaa, na hapo ndipo watu wanapopotea njia.

Kwa hiyo andika saa za kukatika. Fungua dirisha la amri, uandike ipconfig /all. Utaona anwani iliazimwa lini na itakwisha lini. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta.

Ukiwa kwenye mtandao wa nyumbani unaouamini, zima ukuta wa programu ya kuzuia virusi kwa dakika chache, uandike ipconfig /renew. Anwani ikirudi, umempata mkosaji. Uwashe ukuta palepale, kisha ruhusu poti zile mbili, au rudisha mipangilio ya awali ya programu hiyo. Kama ni programu ya majaribio iliyokwisha muda, iondoe kwa kifaa cha kuondolea kinachotolewa na watengenezaji wake, maana kuifuta kijuujuu huacha vichujio vinavyoendelea kuzuia.

Printa kutoonekana wakati intaneti inafanya kazi ni jambo jingine. Huenda Windows imeuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa wa umma. Ubadilishe uwe wa faragha, lakini usifanye hivyo hotelini wala mgahawani.

Usitangaze kupona mpaka muda wa kuazima upite na kompyuta ibaki hewani. Ikikatika ovyo, bila saa maalumu, achana na ukuta moto; kagua mpangilio wa kuokoa umeme wa kadi ya Wi-Fi.